Kilomita Moja, Shilingi Mbili: Tutawapata Vipi Wachangiaji wa Matembezi ya Saratani?

(Mada iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi mjini Malindi, baada ya swala ya Alasiri)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, na nyinyi wazazi mliokuja kutuunga mkono, nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja tu. Vijana wamekata shauri kutembea kwa miguu kutoka Malindi mpaka Mombasa, kiasi cha kilomita 120, ili wachangishe pesa za kuwasaidia wagonjwa wa saratani wa upande wetu huu. Miguu wanayo. Nia wanayo. Swali walilonipa ni hili: pesa zitatoka wapi, na nani atatuunga mkono?

Wacha nianze kwa neno ambalo huenda likawaudhi wengine. Matembezi yenyewe hayaleti hata senti moja. Mtu aweza kutembea kutoka hapa mpaka Lunga Lunga, akarudi na malengelenge tu. Kinacholeta pesa ni watu kukuamini: wajue waombwa nini, wajue pesa zaenda wapi, na baadaye waone kuwa zimefika. Haya mengine yote, fulana, mabango, picha, ni mapambo.

TWATEMBEA KWA AJILI YA NINI?

Ukiulizwa swali hili dukani ukababaika, umeshakosa mchango. Basi tulijue jibu.

Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, yaonyesha kuwa katika mwaka 2022 watu zaidi ya 44,000 walipata saratani hapa Kenya, na zaidi ya 29,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Kwa kina mama, saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi ndizo zinazotuumiza zaidi. Na kinachosikitisha ni kwamba hii ya mlango wa kizazi huchukua miaka mingi kukomaa, na dalili zake za mwanzo nesi aweza kuziona kwa kipimo chepesi: hupaka dawa ya aina ya siki, akatazama kama pana sehemu inayogeuka nyeupe. Wizara ya Afya yawataka hasa wanawake wa miaka 25 mpaka 49 wapimwe. Chanjo nayo ipo, ya wasichana wa miaka 10 mpaka 14, na ilizinduliwa Mombasa hapa hapa mwezi wa Oktoba 2019. Lakini wangapi katika mama zetu na dada zetu wamepimwa? Wengi waona haya, wengine waogopa maneno ya mtaani, na wengine hawana nauli ya kufika hospitali.

Nauli! Hapo ndipo nataka tusimame kidogo. Kwa miaka mingi mashine ya mionzi katika hospitali za serikali ilikuwa Nairobi peke yake, pale Kenyatta. Siku hizi matibabu ya saratani yapatikana pia Coast General, Mombasa. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, hulipia matibabu hayo mpaka kiwango fulani kwa mwaka. Alhamdulillah. Lakini SHA hailipi matatu. Hailipi pahali pa kulala. Na dawa za kemo mara nyingi hutolewa kila baada ya wiki tatu, mara sita au zaidi. Mionzi yaweza kuwa siku tano kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo. Mama wa Marafa au wa Ganze atalala wapi wakati huo wote? Akienda mara ya kwanza kwa kuuza mbuzi, na ya pili kwa kukopa, ya tatu hukaa nyumbani. Na dawa ya saratani ikikatwa katikati, ugonjwa hupata nafasi ya kurudi.

Basi jibu letu liwe fupi: twatembea ili mgonjwa asikate matibabu kwa sababu ya nauli, na ili mama aliye mzima apimwe mapema. Mtoto wa darasa la nne atalielewa, na tajiri naye atalielewa.

WALIOTUTANGULIA

Kutembea masafa si jambo geni kwetu. Mekatilili wa Menza alishikwa na Waingereza mwaka 1913 akapelekwa Kisii, na mwaka 1914 akatoroka akarudi kwao Giriama kwa miguu, nchi nzima, na hakuwa na raba wala chupa ya maji ya dukani. Ama kutembea au kukimbia kwa ajili ya wagonjwa, wengi wameshafanya. Mater Heart Run ya Nairobi imelipia operesheni za moyo za watoto kwa miaka mingi.

Lakini kwa upande wa saratani, mfano mkubwa ni wa kijana wa Kanada, Terry Fox. Alikatwa mguu mwaka 1977 kwa saratani ya mfupa. Mwezi wa Aprili 1980, akiwa na miaka 21, alianza kuikimbia Kanada kutoka mashariki kwenda magharibi kwa mguu mmoja wa kweli na mmoja wa bandia, karibu kilomita 42 kila siku. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani ilipomrudia mapafuni. Alifariki Juni 1981. Alikuwa ameomba dola moja kwa kila Mkanada, na kabla hajafa zilikuwa zimeshapita milioni 24, yaani karibu sawa na idadi ya watu wa nchi ile.

Sasa mimi sitaki mshangae tu. Nataka mwone mambo matatu katika safari yake.

La kwanza, mwanzoni watu wengi hawakumjali. Mji uliompa moyo ni mji mdogo wa bandari, Port aux Basques, wenye watu kama 10,000. Walimchangia dola zaidi ya 10,000. Dola moja moja! Kidogo cha wengi ndicho kilichombeba.

La pili, alipopita jimbo la Quebec, ambako watu husema Kifaransa, alipata kidogo sana. Hakujua lugha yao na habari zake hazikuwafikia. Hawakuwa wabaya, hawakuambiwa. Nasi tukienda Ganze na Bamba na Kiswahili cha vitabuni peke yake, tusilaumu watu. Watafuteni vijana wanaosema Kigiriama kikawatoka.

La tatu, tajiri mmoja wa mahoteli, Isadore Sharp, ambaye mwenyewe alifiwa na mwanawe kwa saratani, aliahidi dola 2 kwa kila maili, kisha akayataka makampuni mengine 999 yafanye hivyo hivyo. Hakutoa tu, alivuta wenzake.

Na kwa ndugu zetu wa Omani, Chama cha Saratani cha Omani, kilichoasisiwa na Bi Yuthar Al-Rawahy, mwanamke aliyeugua saratani yeye mwenyewe, kimekuwa kikifanya matembezi ya hadhara mjini Maskati. Chama hicho kina nyumba iitwayo Dar Al Hanan, ambamo watoto wenye saratani wanaotoka mbali hukaa na wazazi wao wakati wa matibabu. Mwaona? Shida ya pahali pa kulala si yetu peke yetu, na dawa yake yajulikana.

HESABU YENYEWE

Tukae chini tupige hesabu, maana harambee isiyo na hesabu ni kelele.

Tuseme mgonjwa na anayemsindikiza wahitaji shilingi 2,000 kwenda Mombasa na kurudi. Safari sita ni shilingi 12,000. Sasa tuseme twatembea vijana 40, na kila mmoja atafute watu 25 wa kumuunga mkono. Hao ni watu 1,000. Kila mtu aahidi shilingi 2 kwa kila kilomita. Kilomita 120 ni shilingi 240. Watu 1,000 mara 240 ni shilingi 240,000. Gawanya kwa 12,000: wagonjwa 20 wamemaliza matibabu yao bila kukosa nauli hata mara moja.

Shilingi 240! Hakuna aliyeuza shamba. Na ndiyo maana nasema ombeni ahadi ya kilomita, msiseme "toa chochote". Ukimwambia mtu atoe chochote, hutoa chochote kweli. Ukimwambia kilomita moja ni shilingi mbili, huanza kuhesabu, na akihesabu ameshakuwa mwenzako. Asiyeweza 240 achukue kilomita kumi, ni shilingi 20. Hiyo pia iandikwe, kwa heshima ile ile.

NANI WA KUMWENDEA?

Anza na wako. Chukua daftari, andika majina 25: mjomba, shangazi, jirani, mwalimu wako wa madrasa, mwenye duka unalonunua sukari, rafiki wa shule. Usianze na mbunge. Mbunge ana watu mia mlangoni.

Nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa simu peke yake. Amkia, kaa, eleza kwa maneno machache, taja kiasi, kisha nyamaza umsikilize. Huenda akakwambia habari ya mgonjwa wa nyumbani kwake ambayo hajamwambia mtu. Akikataa, mshukuru na umwombe dua. Mtu huyo huyo atakukumbuka ukipita kwake barabarani na jua la saa nne.

Kisha nendeni kwa vikundi: wavuvi, chama cha madereva wa tuktuk na bodaboda, wauza mboga sokoni, vyama vya kina mama, wenye mahoteli, na Waitalia wa Malindi na Watamu walioishi nasi miaka mingi. Jamaa zetu wa Maskati, Dubai na London nao waambiwe mapema. Barabara itatupitisha Gede, Matsangoni, Tezo, Kilifi, Vipingo na Mtwapa. Kila pahali pana msikiti, pana kanisa, pana shule. Wengine watatoa pesa, wengine maji, wengine ukumbi wa kulala. Saratani haiulizi dini, nasi tusiulize dini ya mgonjwa wala ya mwenye kutoa.

Ila wapo wa kuwakataa. Kampuni ya kamari, ya pombe au ya sigara ikija na hundi, semeni ahsante, hapana. Pesa ya tumbaku itamsaidiaje mgonjwa wa saratani? Na wewe kijana mwenye kuberi mdomoni, iteme kwanza kabla hujabisha hodi kwa watu. Kuberi ni tumbaku, na tumbaku yaleta saratani ya mdomo.

AMANA

Hapa ndipo michango mingi hufia. Twaijua sote ile harambee iliyofanyika kwa kishindo, na mpaka leo hakuna anayejua kilichopatikana. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi msiwalaumu watu wakiuliza. Wajibuni kwa vitendo:

1. Pesa zisiingie katika simu ya mtu binafsi. Fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, mmoja wao dada, na namba ya Paybill, ili kila shilingi iwe na rekodi.

2. Pateni kibali cha kuchangisha hadharani, kama sheria ya Kenya inavyotaka, na polisi wapewe taarifa ya matembezi kwa maandishi si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla.

3. Gharama za safari, yaani maji, fulana na gari la wagonjwa, zitafutiwe mfadhili wake mbali. Aliyetoa 240 kwa ajili ya nauli ya mgonjwa asinunuliwe fulana kwa pesa yake.

4. Zaka iwe na daftari lake. Allah ametaja makundi manane ya wanaostahiki katika Surat At-Tawba, aya ya 60. Waulizeni masheikh kabla ya kuipokea, na msiichanganye na sadaka.

5. Ndani ya mwezi mmoja baada ya matembezi, hesabu ibandikwe misikitini na isomwe: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, wagonjwa wangapi. Majina ya wagonjwa yasitajwe. Hiyo ni sitara yao.

Na nia zetu tuzichunge. Qur'ani imetufundisha kuwa kutoa kwa dhahiri ni vizuri, na kumpa fakiri kwa siri ni bora zaidi. Msisome majina ya watoaji kwa kipaza sauti mpaka maskini aone haya na shilingi 20 yake.

RAMADHANI YETU HII

Tuna mafungu matatu ya mwezi. Kumi la kwanza, andikeni madaftari na kufungua akaunti. Kumi la pili, tembeleeni watu baada ya futari na tarawehe, kila mtu amalize majina yake 25. Kumi la mwisho, wekeni kalamu chini. Hilo ni la ibada na kumtafuta Lailatul Qadr. Si la kuzunguka na kadi za michango.

Mazoezi yawe mepesi, baada ya Alfajiri, na mtu asijitese akiwa na saumu. Tukishakula Idd na kufunga sita zetu za Shawwal, hapo In shaa Allah tutatoka: kilomita 24 kwa siku, siku tano, tukianza mapema kabla jua halijapanda.

Nanyi akina dada, msingoje nyuma. Kuna mama ambaye hatamsikiliza kijana wa kiume akimwambia habari za mlango wa kizazi, lakini atakusikiliza wewe. Mkipata hata mama kumi wakaenda kupimwa kabla hatujaanza kutembea, matembezi yameshafaulu kabla ya hatua ya kwanza.

Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, kwani kila ugonjwa Allah ameuwekea dawa. Dawa ipo Mombasa. Mgonjwa yuko Marafa. Katikati pana barabara, na ndiyo hiyo tunayotaka kuitembea.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atukubalie saumu zetu na sadaka zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.