Chai ya Kupunguza Mwili



Ukifika Bujumbura, Buyenzi au kwingineko, ukauziwa chai au vidonge vya miti shamba vya kupunguza mwili, uliza kwanza ndani mna nini. Utaambiwa ni majani tu. Tumbaku nayo ni majani.

Kuna mmea wa Uchina, efedra. Huondoa njaa na usingizi, huku moyo ukienda mbio. Wataalamu waliokusanya majaribio yake walikuta mtumiaji hupungua karibu kilo 1 tu kwa mwezi zaidi ya asiyetumia. Lakini presha hupanda. Wako waliopooza, wako waliokufa. Mwaka 2003 alikufa Steve Bechler, mchezaji wa besiboli wa Marekani, umri miaka 23. Mwaka 2004 Marekani ikapiga marufuku vidonge hivyo.

Wauzaji wengine huficha ndani yake sibutramini, dawa iliyoondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kudhuru moyo.

Mwenye mimba, anayenyonyesha na mwenye presha wasionje kabisa. Aliyekwisha kunywa akasikia moyo unadunda au kifua kinabana aje kituo cha afya upesi, usiku pia. Aje na pakiti. Hatutamgombeza.