Stesheni ya Mkwaya Haikufa kwa Karanga



Reli ya Kusini ikitajwa, jibu huja upesi: ilijengwa kwa ajili ya karanga, karanga zikashindwa, reli ikafa. Wanafunzi wetu huyaandika hayo kwenye mitihani kama tulivyowapa. Leo nayapinga nikisimama mahali pamoja: Mkwaya, kijiji cha kandokando ya mkono wa bahari wa Lindi, ambako reli hiyo, ya kwenda Nachingwea, ilianzia mwaka 1949.

Habari za ujumbe wa Wakefield wa 1946 uliopendekeza mradi wa karanga wa Waingereza, za Kongwa ulikoanzia mradi huo, na za pauni milioni 36 zilizopotea humo mnazijua. Mimi nashika tarehe tu. Mradi wa karanga ulifungwa 1951. Hata hivyo, reli ilifikishwa Mtwara 1954, na 1958 ikapelekwa Masasi. Nani hurefusha reli miaka saba baada ya sababu yake kwisha? Ilifungwa 1962, kisha ikang'olewa.

Kilichoidhoofisha Mkwaya ni kina cha maji. Hapo shehena ilipita kwenye matishari, kwa kuwa meli kubwa hazikuweza kusogea. Mwaka 1954 Mtwara ilipopata gati ambapo meli hufunga ubavuni, Mkwaya, iliyokuwa chanzo cha reli, ikawa tawi.

Shahidi ninayemthamini kuliko wote ni Mervyn Hill, mwandishi wa Permanent Way, historia ya reli iliyotolewa na Shirika la Reli na Bandari lenyewe. Wengi humtilia shaka kwa kuwa aliwaandikia wenye reli. Mimi namthamini kwa sababu juzuu yake ya Tanganyika ilitoka kabla ya 1962. Sisi tulioandika baadaye tunaujua mwisho, nao hutuvuta mkono: kila hasara tunaisoma kama dalili ya kifo. Hill hakuwa na mwisho huo. Aliandika juu ya reli iliyo kazini, ambayo kesho yake haijaamuliwa. Hakuna mwanahistoria wa sasa anayeweza kutupa hilo, hata akiwa hodari kiasi gani.

Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Mingoyo, karibu na Mkwaya, alikumbuka kuzaliwa kwa mjomba wangu kwa mwaka wa kung'olewa reli. Karanga hakuzitaja kamwe. Kwa watu wa pale, tukio lilikuwa kung'olewa.

Nakubali kwamba reli ilikuwa ikipata hasara. Nakubali pia kwamba korosho, ambayo ingeipa reli shehena, ni zao la msimu: huijaza treni miezi michache, kisha mabehewa yakakaa. Lakini msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka Kusini, na reli ilikuwa imekwisha kuondolewa. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa 2003 tu. Kwa miongo minne, bila reli wala daraja, mvua ziliamua nani wa Kusini asafiri na nani abaki. Nikipima yote hayo, bado naamini reli ile ilistahili miaka kumi zaidi.

Kwa hiyo tuache kuwafundisha vijana kwamba reli ilikufa. Reli ilifungwa. Kifo hakina mwenye kuulizwa. Uamuzi unaye, na ni wajibu wetu kumuuliza.