Kwa Nini Tunaomba Diski Moja Badala ya Kompyuta Mbili

Maneno yaliyotolewa na fundi wa kompyuta mbele ya kamati za parokia na wafadhili.



Nimeombwa nieleze kwa nini katika makisio ya vyumba vya kompyuta vya shule zetu nimeandika diski ya nje na swichi mpya, wakati wengi mlitarajia kwa fedha hiyohiyo tuongeze kompyuta mbili. Swali hilo ni la haki.

Mara nyingi kompyuta "inapokufa" shuleni, chuma chake ni kizima. Kilichoharibika ni vilivyomo ndani: virusi vilivyokuja na flashi ya mwanafunzi, programu iliyofutwa, au umeme uliokatika wakati diski inaandika. Fundi anaitwa, anaweka upya mfumo endeshi, kisha programu ya kuandikia, printa, kinga ya virusi, moja baada ya nyingine. Kompyuta moja inaweza kumla nusu siku. Kwa kompyuta 12 ni wiki nzima, na nauli na malazi yake juu yenu. Ndiyo maana kuna vyumba ambavyo mashine zimefunikwa vitambaa vizuri na hakuna anayezigusa.

Njia tunayopendekeza ni hii. Kompyuta moja inatengenezwa vizuri mpaka mwalimu aseme imekamilika. Kisha inazimwa, na inawashwa kwa kutumia diski ya kuwashia, ambayo siku hizi ni flashi, ili diski yake yenyewe ibaki imelala. Diski inayofanya kazi ni vigumu kuinakili kwa usalama, kwa sababu vitu vinabadilika huku unanakili. Programu ndogo iliyo kwenye flashi inasoma diski yote na kuihifadhi mahali pengine kama faili. Faili hilo ndilo mafundi wanaliita taswira. Diski ya gigabaiti 500 iliyotumika gigabaiti 30 tu haitoi taswira ya gigabaiti 500. Sehemu tupu zinarukwa.

Jambo hili si geni. Programu ya Ghost ilitoka New Zealand katikati ya miaka ya 1990, na kampuni ya Symantec ikainunua mwaka 1998. Wakati huo kila kitu kilibanwa kwenye flopi ya megabaiti 1.44, pamoja na programu ya kuitambua kadi ya mtandao, na kadi ikiwa ya aina nyingine ulitafuta flopi nyingine. Wenye umri wangu wanakumbuka. Leo tunatumia Clonezilla, inayotengenezwa katika kituo cha taifa cha kompyuta huko Taiwan, na haiuzwi. Ni ya bure.

Sasa swichi. Swichi ya zamani ya megabiti 100 haiwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 12.5 kwa sekunde. Taswira ya gigabaiti 30 itachukua kama dakika 40 kufika kwenye kompyuta moja. Ukipeleka kwa kompyuta 12 kila moja peke yake, ni muda wa saa 8. Lakini programu hii inaweza kurusha mara moja na wote wakapokea, kama tangazo la Jumapili linavyosomwa mara moja badala ya katekista kupita nyumba kwa nyumba. Hapo zote 12 zinamaliza karibu pamoja. Swichi ya gigabiti moja inaongeza kasi zaidi, ingawa diski nzee haziwezi kuifuata yote. Waya mmoja mbovu, hata hivyo, unawachelewesha wote, kwa hiyo waya zikaguliwe kwanza.

Naomba mnisikilize hasa hapa. Kurudisha taswira kunafuta kila kitu kilichokuwa kwenye kompyuta inayopokea. Katika shule moja, kabla ya kuanza, tulipita kila mashine tukiuliza kuna nini ndani, tukakuta alama za mtihani za kidato kizima kwenye kompyuta namba 7, na hakuna nakala popote. Tuliichomoa, tukahamisha alama zile, ndipo tukaendelea. Hesabu za parokia na orodha za michango zisikae kabisa kwenye mashine za wanafunzi. Tena, kwenye kioo programu inauliza ni diski ipi ya kusomwa na ipi ya kuandikwa. Ukigeuza, umefuta ile nzuri. Wawepo watu wawili: mmoja asome kwa sauti, mwingine abonyeze.

Na taswira ambayo haijawahi kurudishwa siihesabu kuwa ipo. Irudishwe kwenye mashine moja, mwalimu akae, aandike ukurasa na kuuchapa. Baada ya hapo kila mashine ipewe jina lake, maana zote zitaamka na jina moja.

Kwa wafadhili wetu nina ombi. Taswira ya aina moja ya kompyuta mara nyingi inasumbua kwenye aina nyingine, na diski inayopokea isiwe ndogo kuliko ile iliyonakiliwa. Kwa hiyo kompyuta 10 za aina moja zinatufaa kuliko 15 za mchanganyiko. Pia Windows iliyokuja na kompyuta moja haina ruhusa ya kunakiliwa kwenye nyingine. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi mnazotuletea haziwezi kupokea Windows 11. Hizo tunaziwekea Linux, ambayo mnaweza kuinakili mara nyingi mpendavyo bila kuvunja sheria.

Kila kamati iandike katika muhtasari wake majina ya watu wawili watakaofundishwa kazi hii, na mmoja asiwe mwalimu, kwani walimu huhamishwa. Taswira itengenezwe upya kila likizo ndefu. Diski ikae kwa mhasibu, ndani ya kabati lenye kufuli, si ndani ya chumba cha kompyuta, ili mwizi akibeba mashine asibebe na taswira.

Flashi ya kuwashia ninayo hapa, na kompyuta mbili ziko mezani. Anayetaka kujaribu asogee mbele.