Kuvumilia si Kunyamaza
(Mada iliyosomwa kwa niaba ya wanachama katika ibada ya shukrani ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Bukoba Vijijini)

  

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Tulianza mwaka 2015 tukiwa na sanduku la bati, kufuli tatu na daftari moja. Leo tumetimiza miaka kumi. Kamati ya maandalizi ilituomba sisi tulio katika uongozi tuseme machache juu ya kuvumilia shida na kukua katika imani ya Kikristo. Habari za hisa, mikopo na marejesho mtazisoma katika taarifa ya Mwekahazina. Sisi tutasema yale yasiyoandikwa kwenye daftari.

Ndugu wapenzi, shida katika mkoa wetu wa Kagera si mgeni. Bibi zetu wanaikumbuka vita ya mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na watu wakakimbia na vichwa vyao tu. Mama zetu wanakumbuka mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa katika mkoa huu huu, na miaka iliyofuata, pale bibi mmoja alipolea wajukuu saba kwa migomba michache na kahawa kidogo. Wengi wetu hapa tulilelewa na bibi wa namna hiyo. Halafu tarehe 21 Mei 1996 ikazama MV Bukoba, na karibu kila kijiji kikaweka matanga.

Tumekua tukisikia neno moja: vumilia. Mume akifa, vumilia. Shamba likichukuliwa, vumilia. Na neno hilo mara nyingi lilikuwa na maana ya kukaa kimya. Miaka kumi ya kukaa pamoja kila Jumatano imetufundisha kulitazama upya, tukiwa na Biblia mkononi. Tunaomba mtusikilize katika mambo matatu.

Jambo la kwanza: Ayubu hakunyamaza

Kikundi kilikuwa hakijafikisha hata miaka miwili tulipopigwa na tetemeko la ardhi. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, alasiri. Wataalamu walilipima kuwa na nguvu ya 5.9. Watu zaidi ya kumi na tano walifariki, mamia waliumia, na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka kuta. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, ambako watoto wa baadhi yetu walikuwa wanasoma, zilifungwa kwa sababu majengo yalikuwa hayafai tena. Mvua zikaja watu wakiwa wanalala chini ya maturubai.

Jumatano iliyofuata tulikutana chini ya mti, maana nyumba tuliyokuwa tunakutania ilikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Sanduku lilikuwa limetolewa chini ya matofali, limebonyea upande mmoja, kufuli zote tatu zikiwa nzima. Siku hiyo palisemwa maneno mengi. Wapo waliosema tuvunje sanduku, kila mtu achukue chake, kikundi kife. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa na watoto wanaolowa. Na alikuwapo mwenzetu aliyesema kwamba Mungu anatuadhibu, tutafute ni nani kati yetu amemkosea.

Hapo bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, akasimama. Akatukumbusha rafiki zake Ayubu. Walipofika na kumwona alivyo, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Bibi akasema, "Walifanya vizuri sana mpaka walipofumbua vinywa." Tulicheka, jamani, katikati ya shida ile tulicheka. Maana ni kweli. Walipoanza kumweleza Ayubu sababu ya mateso yake, ndipo walipoharibu. Ayubu kwa upande wake alilia, akauliza, akalalamika mbele za Mungu kwa sauti kubwa. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakemea rafiki kwa kutosema yaliyo sawa, na anasema mtumishi wake Ayubu ndiye aliyesema sawa.

Hivyo basi tukajifunza. Kumlilia Mungu si kukosa imani. Mtu asiye na imani halii kwa Mungu, amlilie nani? Na aliye jirani ya anayelia kazi yake ni kukaa naye chini, wala si kumtafutia dhambi.

Siku ile tuliamua hivi: sanduku lisivunjwe. Mfuko wa jamii utolewe wote kwa waliokosa pa kulala, kununulia maturubai na unga. Marejesho ya mikopo yasogezwe miezi mitatu, bila faini. Na hisa ziendelee, hata kama ni moja tu kwa mtu. Kuna waliokuja na hisa moja wiki baada ya wiki, wamevaa kanga zenye tope. Mzunguko ulipokwisha na tukagawana, mgao ulikuwa mdogo kuliko wa mwaka wa kwanza. Lakini hakuna mgao tunaoukumbuka kama ule.

Jambo la pili: mjane aliyeazima vyombo

Mnakijua kisa cha mjane katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne. Kina mama wa vikundi, kile ni kisa chetu. Mume amekufa, ameacha deni, na mwenye kudai amekuja kuchukua watoto wawili wawe watumwa. Angalieni alichofanya yule mama. Alikwenda kwa nabii Elisha akasema wazi: nina deni. Hakuona haya. Elisha akamuuliza ana nini nyumbani, naye akasema hana kitu ila chupa ya mafuta.

Ndipo akaambiwa aende kwa majirani kuazima vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Akajifungia ndani na wanawe, wakamimina, vyombo vikajaa. Vyombo vilipokwisha, mafuta nayo yakakoma. Maana yake nini? Mafuta yalitoka kwa Mungu, lakini kipimo chake kilikuwa vyombo vya majirani. Majirani wangemfungia milango, au yeye angeona aibu kugonga, angepata ya chupa moja. Tena Elisha hakumwambia asahau deni. Alimwambia auze mafuta, alipe kwanza, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Imani ile ilikuwa na hesabu ndani yake.

Tunalisema hili kwa sababu ya kitu kilichoingia vijijini mwetu miaka hii, mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mama anachukua fedha asubuhi bila kusoma karatasi, riba inahesabiwa kwa siku, akichelewa wanakuja kubeba kitanda, redio, hata sufuria. Yupo mwenzetu yaliyempata hayo. Kila Jumapili alikuwa kanisani. Ukimuuliza habari anakujibu, "Nzuri, namshukuru Mungu." Mkutanoni akawa analeta hisa yake, anakaa nyuma, anaondoka mapema. Kumbe hisa yenyewe anaikopa. Siku kitanda kilipobebwa ndipo kijiji kizima kikajua, na yeye akataka kuhama.

Alipokuja mwenyewe kutueleza, alisema jambo ambalo hatujalisahau. Alisema aliogopa tukimwona ana shida tutadhani hana imani. Ndugu zangu, huo ndio mzigo ulio mzito kuliko riba. Mtu ana njaa, lakini inambidi atabasamu ili aonekane Mkristo.

Tuliketi naye, tukaandika madeni yake yote kwenye karatasi moja. Tukamkopesha kutoka sandukuni kwa riba yetu ndogo, akamaliza deni lile, nasi akaturudishia kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Tangu hapo tuna utaratibu mpya: kabla ya kufungua kufuli, kila mmoja anapewa nafasi ya kusema wiki yake ilikwendaje, na jibu la "nzuri" peke yake halikubaliwi. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyo! Yanayosemwa pale hayatoki nje. Anayeyatoa ana faini kubwa kuliko ya kuchelewa.

Jambo la tatu: kudai haki nako ni kuvumilia

Hili ni gumu, tutalisema kwa heshima mbele ya wazee wetu. Wajane wengi wa kwetu wamefika kwenye kikundi wakiwa na hofu ya kunyang'anywa kibanja. Mume hajamaliza arobaini, ndugu wamekwisha kupima mipaka. Na mjane anaambiwa: wewe ni mama wa kanisa, vumilia, Mungu atakulipa.

Tunasema hapana. Mama wa mkoa huu huu, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mpwa wake akamshitaki, kwa sababu mila ilisema mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba katiba ya nchi haikubali ubaguzi huo, na mauzo yale ni halali. Halafu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Basi mjane mwenzetu alipoitiwa kikao cha kugawa kibanja alichokilima miaka ishirini, hatukumwacha aende peke yake. Tulikwenda kumi na wawili, tumevaa sare, tukakaa kimya nyuma yake mpaka alipomaliza kusema. Hatukumtukana mtu. Leo migomba ile bado anaipalilia yeye, na shemeji zake wanakula matoke kwake Krismasi.

Vilevile mwanamke anayepigwa usiku haambiwi na kikundi hiki kwamba hilo ndilo fungu lake. Yesu alijitoa kwa hiari yake. Hakuna mahali alipomwagiza mume kumsulubisha mkewe.

Ndugu wapenzi, Mtume Paulo anawaeleza Warumi kwamba dhiki huzaa saburi, saburi huzaa moyo uliojaribiwa, na huo huzaa tumaini. Tumeliona hilo kwa macho. Lakini tumeona pia dhiki inayozaa uchungu na chuki, tukajiuliza tofauti iko wapi. Kwa jinsi tulivyoishi, wengi waliobaki peke yao na mzigo wao walivunjika. Waliousema wakasaidiwa kuubeba ndio waliokua.

Hatutaki mtu atoke hapa akidhani kila kitu kwetu kimeisha vizuri. Tumezika wenzetu. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa katika wilaya yetu, tulikutana bila kushikana mikono, na hofu ilikuwa kubwa. Yupo kati yetu aliyemwomba Mungu usiku na mchana kwa ajili ya mtoto wake, na mtoto hakupona. Baada ya mazishi alituambia hawezi kuimba tena. Tukamwambia asiimbe, tutaimba sisi, yeye akae tu katikati. Alikaa hivyo karibu mwaka. Siku moja tulimsikia anaitikia kiitikio, sauti ya chini kabisa. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Tuliendelea kuimba.

Hiyo ndiyo imani tuliyoipata. Hatuwezi kuiweka kwenye taarifa ya fedha, lakini bila hiyo sanduku lisingefika leo.

Kwa mabinti mnaojiunga: leteni hisa zenu, na leteni na shida zenu, tena mapema. Kwa wafadhili na marafiki wetu: asanteni kwa mbuzi, kwa viti, na kwa kutufundisha utunzaji wa vitabu. Kwa waume zetu: asanteni kwa kutuachia Jumatano, na wale ambao bado mnanung'unika, chakula kipo jikoni kimefunikwa. Kwa Baba Mchungaji: utuombee, na ukisikia mama anasema "nzuri" mara tatu mfululizo, umuulize tena.

Mungu aliyetuvusha miaka kumi atuvushe mingine.  Bwana Yesu asifiwe!