Tuwasikilize wazee wetu kabla hawajarudi kijijini

(Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizohama na viongozi wa mitaa, Butembo)

 

Leo tunataka kuongea juu ya wazee. Katika orodha nyingi za misaada mzee anaandikwa kati ya wadhaifu, pamoja na wagonjwa na wenye mimba. Anapewa blanketi na bido ya maji, anaweka alama ya kidole, anarudi kuketi ukutani. Hatukatai blanketi, maana baridi ya Butembo mnaijua. Lakini mzee huyo amebeba kitu ambacho sisi wote tutakihitaji siku ya kurudi, na hakuna anayemwuliza.

Tumhesabie miaka mtu aliyezaliwa mwaka 1950. Uhuru ulimkuta na miaka 10. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Wasimba, wengi wa rika lake walilala msituni na wazazi wao. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, naye akaambiwa aache jina la ubatizo. Akaoa, akapanda kahawa. Kahawa ililipa karo za shule na mabati ya nyumba. Mwisho wa mwaka 1979 serikali ikafuta noti za zaire 5 na za 10, na wakulima waliokuwa wameficha akiba yao nyumbani wakabaki na makaratasi. Wazee wakifika hapo hucheka kidogo, halafu wananyamaza. Baadaye ugonjwa wa kunyauka ukakausha kahawa ya robusta upande wa Beni, na watu wakapanda kakao palepale. Kisha vita vya 1996, vya 1998, mauaji ya Beni tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, Ebola kuanzia 2018 hadi 2020. Wengine wenu mlitoka kusini mwa Lubero mwaka 2024, Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23. Mtu mmoja ameona hayo yote, na katikati yake amejenga nyumba mara tatu au nne.

Hata wakubwa walipitia njia hiyo. Askofu Emmanuel Kataliko aliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, kisha akawa askofu mkuu wa Bukavu. Mwezi wa 2 mwaka 2000 waasi wa RCD walimzuia kukaa Bukavu, kwa sababu barua yake ya Noeli ilikuwa imesema wazi mateso ya watu. Alikaa hapa Butembo miezi saba, akiwa na miaka 68 hivi, mhamishwa katika nchi ya kwao. Alirudi Bukavu mwezi wa 9, na tarehe 4 mwezi wa 10 mwaka huohuo akafariki Roma. Wazee wengi wanamkumbuka kwa barabara na kwa shule. Sisi tunapenda wakumbuke pia ile miezi saba.

Sasa tuje kwenye shamba, maana ndipo penye shida. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema udongo wote ni mali ya serikali, na mashamba ya kimila yangepangiwa amri ya rais. Miaka mingi ikapita bila amri hiyo. Kwa hiyo familia nyingi hazina karatasi yoyote. Zina mti wa mpaka, kijito, na mzee aliyekuwepo shefu wa ardhi alipoonyesha mahali na mbuzi akachinjwa. Mti unaweza kukatwa, na kijito hakisemi. Mzee akifia mjini kabla ya kusema, kijana wake atarudi miaka ijayo na kukuta mwingine anavuna kakao, na atashika panga kwa sababu hana neno la kutoa. Mwingine naye huenda alinunua kwa nia njema, kutoka kwa mtu asiye na haki ya kuuza. Hapo wawili wanagombana, na aliyepokea pesa hayupo.

Kuna jambo gumu zaidi, na tuliseme bila kuzunguka. Si kila kumbukumbu inaleta amani. Jioni, vijana wakiota moto, mzee anaweza kusimulia ni nani walikuja lini, ni nani walipewa ardhi na nani, na vijana wakaamka asubuhi na orodha ya maadui. Tumeyasikia kuhusu Wanyabwisha waliopita hapa wakielekea Ituri, na Wanyabwisha nao wana wazee wanaosimulia yao. Kuwanyamazisha wazee hakufai. Watasimulia tu, kwa sauti ya chini. Tunachoona kinasaidia ni kuuliza maswali yanayotaka jibu kamili: nani hasa, mwaka gani, shamba lipi, ulikuwepo au uliambiwa? Mama mzee mmoja alianza kwa kusema "wale watu walituchukulia kilima chote". Baada ya maswali, kilima kikawa viwanja viwili, na kimoja mume wake mwenyewe alikuwa amekikodisha. Alikasirika nasi kidogo, halafu akaomba chai.

Ombi letu kwa mashefu ni hili. Kila mtaa wenye watu waliohama uchague vijana wawili wanaojua kuandika, mmoja awe msichana, kwa sababu mama wazee wanaongea vizuri zaidi na msichana. Wakae na mzee mara tatu, si mara moja, na wasimwulize wakati wa njaa. Waandike mipaka, majirani na mashahidi walio hai, kwa Kinande au Kiswahili, vile anavyosema. Daftari ziwe mbili: moja ibaki kwa familia, ya pili kwa kamati ya waliohama. Zisisomwe barazani hata kidogo kabla jirani anayetajwa hajapewa nafasi ya kusema upande wake.

Wajane wasiachwe. Mara nyingi wao ndio waliolima, na ndio wanaojua mpaka ulipo.

Tunaanza juma lijalo na wazee walio katika familia za mtaa huu. Sasa tunawapa ninyi neno, wenye mvi kwanza.