Fatwa ya Tumbaku na Nguvu ya Maulamaa wa Iran

Nguvu ya kisiasa ya maulamaa wa Kishia nchini Iran haikuanza na mapinduzi ya mwaka 1979, kwani mwaka 1891, baada ya Mfalme Naser al-Din Shah kumkabidhi Mwingereza ukiritimba wa tumbaku, yaani haki ya pekee ya kuinunua na kuiuza, ilienea fatwa kwa jina la mwanachuoni wa Kishia Mirza Hasan Shirazi iliyoharamisha uvutaji, na inasimuliwa kwamba hata wake wa mfalme waliweka kando buruma zao. Mkataba ulivunjwa mwaka 1892. Shirazi aliishi Samarra, katika himaya ya Waosmani, akipokea khumsi, sehemu moja ya tano ya ziada ya mapato ambayo waumini humkabidhi mujtahidi, mwanachuoni mwenye mamlaka ya kutoa hukumu, hivyo mfalme hakuwa na mshahara wa kumkatia wala askari wa kumpelekea.