Gunia Limeandikwa Kyela

Mchuuzi wa mchele katika soko la Mbalizi hahangaiki na maandishi ya gunia. Huchota punje, huzifumba kiganjani, huzipulizia pumzi ya moto mara mbili tatu, kisha huzinusa. Mteja naye hufanya vilevile, tena kwa mashaka zaidi, maana ndiye anayetoa pesa. Gunia limeandikwa "Mchele wa Kyela" kwa herufi kubwa za bluu. Pua ndiyo inayoamua.

Mada hii inaanzia hapo sokoni kwa sababu mabishano ya vyakula vya jadi husikika vizuri zaidi mahali ambapo kila neno lina bei. Mbalizi ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kilomita chache magharibi mwa jiji la Mbeya, ambako malori ya Tunduma hupunguza mwendo na njia ya kwenda Umalila huchepuka. Viazi vya Umalila hushukia hapa. Mahindi na kahawa ya Mbozi hupita hapa. Ndizi za Tukuyu huja kwa upande wa Uyole, mchele hutoka Kyela na Usangu, na msimu wa mvua ukikolea huonekana madumu ya ulanzi kutoka Iringa. Mji wenyewe hauna chakula kinachotembea na jina lake. Hakuna anayeingia Kariakoo kuulizia mchele wa Mbalizi. Pengine ndiyo sababu panafaa kuzungumzia ugomvi wa majirani: asiye na shamba hatuhumiwi kusogeza mpaka.

Ugomvi wenyewe unaanzia kwenye neno. Kiswahili kina neno "asili", nalo limebebeshwa mizigo miwili. Anayeuliza asili ya ugali ni wapi anatafuta chanzo. Anayesema anataka asali ya asili hana habari na chanzo; anataka kuhakikishiwa kwamba haikutiwa sukari. Watu huyashika maswali hayo mawili kama vile ni moja, na hapo ndipo mabishano yanapokwama: huyu anatetea chanzo, yule anatetea uhalisi, na kila mmoja anamwona mwenzake mkaidi. Msimamo wa mada hii ni bora usemwe mapema. Swali la chanzo ni tamu kwa mazungumzo ya jioni, lakini halimwingizii mkulima hata shilingi. Swali la uhalisi ndilo lenye pesa, ndilo linaloweza kupimwa, na ndilo ambalo bado halijapata mwenyewe.

Uchunguzi wa chanzo unaweza kufanyika kwa sahani moja ya kande kwa mama lishe yeyote wa stendi. Wapare watasema kande ni zao, na huko Upareni huitwa makande. Wakikuyu wa Kenya wana githeri yao, nayo ni mahindi na maharage vilevile. Wote wanapika vitu viwili vilivyotoka ng'ambo ya Atlantiki. Mahindi yalianza kulimwa Mexico maelfu ya miaka iliyopita, na Wareno ndio wanaohusishwa na kuyaleta pwani ya Afrika Mashariki kuanzia karne ya 16. Maharage nayo ni ya Amerika. Jina "mahindi" linaelekeza kidole India, nako siko. Viazi mviringo wengine huviita viazi ulaya, ilhali nyumbani kwao ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Ulaya palikuwa kituo tu cha kubadilishia gari. Ndizi, ambazo bila hizo Mnyakyusa wa Tukuyu hawezi kufikiria kwao, zilitoka Asia ya Kusini-Mashariki. Majina ya vyakula ni mashahidi wabovu: husimulia ni nani aliyewauzia watu kitu, si mahali kilikoota kwanza.

Kilicho cha Afrika kweli kweli ni ulezi na mtama. Hizo ndizo nafaka zilizolisha nyanda hizi kabla ya mahindi kushika nchi. Leo ulezi umebaki kwenye uji wa watoto na kwenye pombe ya kimpumu, na kijana wa Mbalizi akiambiwa ugali wa ulezi ndio wa mababu, anaweza kuuliza kama ni dawa ya kisukari. Mahindi yalishinda kwa sababu zinazoeleweka: yanazaa sana, ndege hawayamalizi shambani, na kuanzia miaka ya 1970 Serikali iliyapa mbegu, mbolea na bei moja nchi nzima. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zikaitwa "Big Four", mikoa minne mikubwa ya mahindi. Ugali mweupe wa sembe, ambao leo huitwa chakula cha jadi, ulipata ukubwa wake ndani ya umri wa watu ambao bado wanakaa barazani.

Ndiyo maana habari ya mwaka 2017 iliwakera wengi. Mwaka huo UNESCO iliingiza nsima ya Malawi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nsima ni ugali. Nchini Zambia huitwa nshima, Wabemba husema ubwali, Kenya wengi husema sima, Wanyakyusa husema ubugali, na mwiko unazunguka kwa namna ileile. Kutoka Mbalizi hadi mpaka wa Kasumulu, ambako Mto Songwe unaitenganisha Kyela na Karonga, ni safari ya saa chache. Inakuwaje basi ugali uwe wa upande mmoja wa mto?

Jibu ni kwamba haukuwa. Orodha hiyo haitoi hati ya kumiliki. Malawi haikudai kwamba majirani waache kusonga. Ilieleza jinsi watu wake wanavyopika, wanavyokaa pamoja kula na wanavyomfundisha mtoto, kisha ikapeleka maombi. Tanzania iliuridhia mkataba wa mwaka 2003 unaobeba orodha hiyo mnamo mwaka 2011, hivyo mlango ulikuwa wazi kwake pia. Algeria, Mauritania, Morocco na Tunisia, nchi ambazo hazipatani kwa mambo mengi, ziliandikisha couscous kwa pamoja mwaka 2020. Kenya mwaka 2021 ilitambuliwa kwa mpango wake wa kurejesha vyakula vya jadi, mboga za kienyeji zikiwa mbele. Waliolalamika huku walikuwa na haki ya kusikitika, lakini hawakuibiwa kitu. Walichelewa kuandika.

Mchele ni habari nyingine, na huko malalamiko yana uzito.

Kyela ni bonde la joto kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari, mvua nyingi, udongo ulioletwa na mito inayoshuka kutoka milima ya Rungwe na Livingstone. Wali wake hunukia hadi nyumba ya tatu. Harufu hiyo wataalamu wa kemia wameipa jina, asetili-pirolini, na ni ileile iliyomo katika mkate uliotoka tanuruni sasa hivi na katika mchele wa basmati. Inatoka kwenye mbegu, lakini pia hupanda na kushuka kulingana na udongo, joto, wakati wa kuvuna na muda ambao mchele umekaa ghalani. Kwa maneno mengine, mbegu peke yake haitoshi, na mahali peke yake hapatoshi.

Hapo ndipo mambo yanapochanganyika. Miongoni mwa mbegu zinazopendwa na wakulima wa Kyela kuna zinazoitwa Kilombero, Zambia na Supa. Anayefuata majina atahitimisha kwamba mchele wa Kyela si wa Kyela! Ng'ambo ya Mto Songwe, wakulima wa Karonga nao hulima mbegu ya Kilombero, na mchele huo husafirishwa hadi Scotland, ambako huuzwa kama mchele wa Malawi wenye jina hilohilo la bonde la Morogoro. Bonde la Kilombero lipo Tanzania, mfuko unasema Malawi, mlaji yuko Glasgow. Hakuna aliyedanganya. Mbegu ilitembea, ikapata wenyeji, ikapata soko.

Usangu nako kuna historia yake. Wabaluchi waliohamia Rujewa enzi za ukoloni ndio wanaotajwa kuanzisha kilimo cha mpunga wa umwagiliaji katika bonde hilo, na miaka ya 1970 likaja shamba kubwa la Mbarali kwa msaada wa China. Baadaye ikaenea mbegu ya SARO 5, inayojulikana pia kama TXD 306, yenye mavuno makubwa na harufu hafifu kuliko supa. Ni mchele mzuri, unaolisha miji. Tatizo linaanza pale unapomiminwa kwenye gunia lenye jina la bonde jingine, ama mtupu, ama umechanganywa na Kyela kidogo ili pua ya mteja idanganyike. Malalamiko hayo yanasikika Kyela, yanasikika Dar es Salaam, na kila mpishi wa harusi ana kisa chake cha wali uliokataa kunukia mbele ya wakwe.

Magunia huchapishwa kwa wingi na huuzwa matupu. Anayetaka kujaza mchele wa Ifakara ndani ya maandishi ya Kyela hahitaji ruhusa ya mtu, anahitaji sindano na uzi tu. Mkulima aliyesimama matopeni wilayani Kyela hana pa kwenda kusema jina lake limetumika, kwa sababu jina si lake kisheria. Tanzania Bara kwa miaka mingi imetegemea Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ambayo iliandikwa kwa kumfikiria mfanyabiashara mwenye nembo kuliko bonde zima lenye sifa. Zanzibar ilitangulia: Sheria yake ya Mali za Viwanda ya mwaka 2008 ina sehemu inayohusu majina ya mahali kwenye bidhaa, na visiwa vyenye karafuu vilikuwa na sababu ya kuharakisha.

Waliowahi kulala wakaamshwa na kelele ni Wahindi. Mwaka 1997 kampuni ya Texas, RiceTec, ilipata hataza ya Marekani juu ya aina za mchele ilizoziita basmati. India ilipinga, wakulima wakaandamana, na ilipofika mwaka 2001 kampuni hiyo ilikuwa imebakiwa na madai machache tu kati ya yale ya mwanzo. Lakini kesi hiyo ilihitaji ushahidi: ni mikoa ipi, mbegu zipi, punje ina urefu gani, ikipikwa inarefuka kiasi gani. India ilikuwa nayo maandishi. Kameruni ilifanya hivyo bila kesi. Pilipili ya Penja ililindwa mwaka 2013 baada ya wakulima wa bonde hilo kukubaliana kuandika masharti yao wenyewe.

Kyela ikiulizwa leo, ingeandika nini? Swali hilo si jepesi. Mbegu ya Kyela iliyopandwa Kamsamba, nje ya Kyela, ni mchele wa Kyela? SARO 5 iliyopandwa katikati ya Kyela, je? Mada hii ingejibu hapana kwa yote mawili, ikijua kwamba kuna wakulima wa Kyela watakaochukia jibu la pili, maana mbegu yenye mavuno makubwa ndiyo inayolipa ada za shule. Jina linalolindwa huwabana kwanza wenye jina.

Ulanzi unatoa mfano mwepesi zaidi, kwa kuwa kinywaji hiki kina shahidi asiyehongeka, naye ni mvua. Mwanzi mchanga hukatwa ncha, ukafungiwa mbeta ya mwanzi mwenzake, na maji yake yakadondoka humo yakianza kuchacha palepale. Asubuhi ni mtogwa, mtamu, hata bibi anaonja. Ukilala unakuwa mdindifu, na hapo bibi huondolewa kikombe. Wahehe na Wabena wanaweza kutaniana hadi usiku ni nani aliyeanza kugema, na utani huo ni wa heri. Kinachowaudhi wote wawili ni dumu lililoongezwa maji na sukari njiani kabla halijafika Makambako. Mwanzi hugemwa wakati wa mvua unapochipua; anayeuziwa ulanzi mpya mwezi wa Septemba aulize mara mbili umetoka mwanzi gani.

Kuku wa kienyeji wanastahili mstari mmoja hapa, kwani kuku wa kisasa aina ya Sasso waliolelewa bandani na kuachiwa uani wiki mbili za mwisho huuzwa kwa jina hilo bila aibu, na neno "kienyeji" limechoka kuliko jogoo mwenyewe.

Kinachopendekezwa hakihitaji kusubiri Bunge. Vyama vya wakulima wa Kyela vinaweza kukaa na halmashauri yao na watafiti wa kilimo wa kituo cha Uyole, wakaandika kurasa chache: vijiji vipi, mbegu zipi, unavunwa lini, unakobolewa katika mashine zipi, gunia linafungwa na nani. Karonga waalikwe, kwa kuwa mto ni mmoja na wali ni ndugu. Ni bora kugawana jina mezani kuliko kuligombania Glasgow. Sheria ikija iwakute na karatasi mkononi, jinsi Malawi ilivyokuwa nayo mwaka 2017.

Kwa sasa wanaoifuatilia mada hii wanaombwa jambo dogo. Watakapopita sokoni hapa Mbalizi kununua mchele wa kupeleka nyumbani, wamuulize mchuuzi ni mbegu gani na ulikobolewa mashine ipi. Akionyesha maandishi ya gunia tu, wasilipe bei ya Kyela.